Mwanga Nao Una Kipimo

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya mbio, Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kwa wale ambao bado wanahema, poleni na kilomita 12.

Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina uliyeukumbatia mfuko wetu kwa mikono yote miwili, wazee wetu mliotupita asubuhi hii pale Daraja la Tanzanite bila hata kugeuka kutupa pole, dada zangu na kaka zangu: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie jambo lililozua ubishi kwenye kikao cha mwezi uliopita, kwamba klabu inunue paneli ya mwanga mwekundu ili wanachama wawe wanaiota baada ya mazoezi. Wapo waliosema hiyo ndiyo siri ya wakimbiaji wa Ulaya na Marekani. Wapo waliosema ni taa ya disko iliyopewa jina la kitabibu. Na yupo dada mmoja, simtaji, aliyeuliza kama itamwondolea madoa usoni, akina kaka wakacheka. Leo mtanisamehe, swali la yule dada ndilo nitakalokaa nalo kwa muda mrefu kuliko yote.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni magoti, viuno na vigimbi, na kwenye mbio mnanijua kama yule anayefika ndizi zikiwa zimekwisha. Ngozi si fani niliyosomea. Lakini chumba changu cha kazi kilipakana na kliniki ya ngozi kwa miaka mingi, na wagonjwa hawasomi vibao vya milango. Nimesikia ya upande huu na ya upande ule.

Nianze kwa kuomba mikono juu. Nani hapa mtoto wake alizaliwa, akapata manjano, akawekwa chini ya taa ya bluu? Angalieni wenyewe. Si haba.

Basi ninyi mmeshatumia tiba ya mwanga tangu zamani. Yule mtoto alivuliwa nguo akabaki na nepi, akafunikwa macho, akalazwa chini ya mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hivi. Mwanga ule ulipenya ngozi, ukaikuta bilirubini, yaani ile rangi ya manjano iliyozidi mwilini, ukaigeuza umbo mpaka mwili ukaweza kuitoa kwa nyongo na mkojo. Jambo hili lilianza kuonekana mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Essex, huko Uingereza. Muuguzi wa wodi, Sista Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje waote jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yalikuwa yamefifia mwili mzima, isipokuwa pale tu shuka lilipokuwa limemfunika. Mwaka 1958 daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha matokeo ya majaribio yao ya taa, na leo wodi za watoto wachanga dunia nzima, na za hapa kwetu zikiwemo, zina taa hizo.

Bibi zetu nao walituanika juani. Katika wazo hawakukosea. Kilichopungua ni kipimo: jua la saa moja asubuhi si jua la saa nne, na mtoto aliyezidiwa na manjano hawezi kusubiri wingu lipite. Taa ya wodini inajulikana inatoa rangi gani, nguvu kiasi gani, kwa umbali gani, kwa saa ngapi. Hapo ndipo mwanga ulipohama kutoka kuwa jambo la kheri na kuwa dawa.

Neno nililokuja nalo leo ni hilo, kipimo. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1860, kwenye visiwa vya Faroe, ambako majira ya baridi jua huchungulia saa chache tu kwa siku, alizaliwa Niels Ryberg Finsen. Alikuwa mtu mgonjwa, maisha yake yalikuwa mafupi. Akiwa daktari Copenhagen alijenga taa kubwa za umeme na kuukusanya mwanga wake kwa lenzi, akaukandamiza juu ya ngozi za watu waliokuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa unakula pua na mashavu ya watu wazi wazi. Wagonjwa walikaa chini ya lenzi siku baada ya siku, miezi na miezi. Wengi walipona. Taasisi yake ilifunguliwa mwaka 1896, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, na mwaka 1904 akafariki akiwa na miaka 43.

Kuna kipande cha habari hii ninachokipenda zaidi. Kwa takriban miaka mia moja watu walidhani kilichoponya ni miale ya urujuanimno, ile ile ya jua inayobabua. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark wakazipima lenzi za Finsen zenyewe, wakakuta hazikuwa zinapitisha miale mifupi ya namna hiyo. Kilichokuwa kinapita ni mwanga ulio jirani na zambarau na bluu. Na bakteria wa kifua kikuu wana kemikali ndani yao ziitwazo porfirini. Mwanga wa aina ile ukizigusa, zinazalisha oksijeni kali inayomuua bakteria mwenyewe. Kwa hiyo Finsen alipata jibu sahihi kwa maelezo yasiyo sahihi. Kwenye tiba hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Wazee wa pwani walisema kila chombo kwa wimbile. Wao walikuwa wanasema habari za bahari na majahazi, lakini sijui msemo unaoieleza tiba ya mwanga vizuri kuliko huo. Mwanga una mawimbi, na kila wimbi lina kazi yake. Wimbi la nanomita 311, ambalo ni urujuanimno, linatibu magonjwa ya ngozi ya soriasisi na mbalanga hospitalini chini ya daktari. Ukijitibu nalo nyumbani utaungua. Wimbi la 415, bluu iliyokaribia zambarau, linaua bakteria wa chunusi. Wimbi la 460 ni la watoto wa manjano. Kuanzia 630 hadi 660 ni mwekundu, na kuanzia 810 hadi 850 ni infraredi ya karibu, ambayo jicho haliioni. Anayekuuzia "tiba ya mwanga" bila kukutajia namba ni sawa na anayekuuzia "vidonge" bila kukuambia ni vya nini.

Hizo mbili za mwisho ndizo zilizomo kwenye paneli tunayoibishania. Zilivyoanza kutumika kama tiba, mtacheka. Mwaka 1967, Budapest, daktari Endre Mester alikuwa anajaribu kutibu uvimbe wa saratani kwa panya akitumia leza nyekundu. Leza ilikuwa imegunduliwa miaka saba tu kabla, na kila daktari alitaka kuijaribu. Ya kwake ilikuwa dhaifu, uvimbe haukuondoka. Lakini wale panya walikuwa wamenyolewa manyoya kwanza, na waliomulikwa manyoya yao yalirudi haraka kuliko wenzao. Baadaye akaijaribu kwenye vidonda vya watu visivyopona. Fani nzima ilizaliwa kutokana na kifaa kilichoshindwa kazi kiliyoagizwa.

Miaka ya 1990 watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakawa wanatumia taa nyekundu za LED kuotesha mimea kwa ajili ya safari za anga. Daktari Harry Whelan wa Wisconsin akazipeleka kwenye utafiti wa vidonda, na kwa wagonjwa wa saratani ambao matibabu huwaacha na vidonda vikali mdomoni. Ndiyo maana kila muuzaji wa paneli anasema "teknolojia ya NASA". Si uongo mtupu. Ila NASA haikutengeneza paneli ya kuondoa mikunjo usoni.

Ndani ya mwili, maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Kila seli ina vinu vidogo vya kuzalisha nishati, mitokondria. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho sitokromu oksidesi, ambacho mtafiti Tiina Karu, aliyefanya kazi Urusi, alikitaja kuwa ndicho kinachofyonza mwanga mwekundu na infraredi. Seli ikiwa imechoka au imeumia, kimeng'enya hiki hukabwa na gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Mwanga unaiachisha, kinu kinarudi kazini, nishati inaongezeka, na mishipa midogo ya damu pale jirani inatanuka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu vipengele vyake, lakini msingi ni huo: mwanga huu hauchomi wala haukati, unamgusa bega mfanyakazi aliyesinzia.

Na mfanyakazi ukimgusa bega mara mia hataamka zaidi, atakasirika. Kwenye fani hii ni jambo lililothibitika kwamba kipimo kidogo hakifanyi kitu, cha katikati kinasaidia, kikubwa kinazuia au kinadhuru. Mtu anayekaa mbele ya paneli saa nzima kwa kuwa dakika kumi zilimfaa, anajirudisha nyuma kwa juhudi zake mwenyewe.

Sasa dada yangu wa madoa.

Chunusi kwanza. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 107 wenye chunusi za wastani. Waliomulikwa kila siku kwa mchanganyiko wa bluu ya 415 na nyekundu ya 660, baada ya wiki 12 vipele vyao vilivyovimba vilipungua kwa wastani wa asilimia 76. Bakteria wa chunusi nao wana porfirini, kama wale wa Finsen. Bluu inawaua, nyekundu inatuliza uvimbe. Ni matokeo mazuri. Saluni zinayajua, na barakoa za mwanga, zile za kuvaa usoni zenye taa ndani, zinauzwa kwa sababu hiyo.

Lakini angalieni picha kwenye maboksi ya barakoa hizo. Ngozi ya nani ile? Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa waliwamulika watu wenye ngozi zenye rangi kiasi, nyeusi kidogo kuliko za Wazungu wengi lakini bado mbali na zetu, kwa wimbi la 415 na lile la 630. Nyekundu haikuacha alama. Bluu iliacha weusi uliodumu hadi miezi mitatu. Mmesikia vizuri? Mwanga ule ule unaoua chunusi unaweza kukupaka doa jeusi, na kwa mtu mweusi kilio kikubwa huwa si chunusi yenyewe, ni doa inaloliacha. Chunusi inakaa wiki moja, doa linakaa mwaka. Dada anatibu kipele, anapata ramani.

Ndiyo maana nikasema swali lake lilikuwa na maana. Kwa ngozi yenye madoa, au yenye melasma, ile inayowatokea kina mama mashavuni wakati wa ujauzito na baadaye, barakoa ya bluu iacheni dukani. Nyekundu ni salama zaidi, ila nayo ina mpaka. Mwaka 2020 huko Marekani walitafuta kiasi cha mwanga mwekundu ambacho ngozi inaweza kukivumilia. Kwa watu wenye ngozi nyeupe walifika jouli 480 za nishati ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba. Kwa wenye ngozi ya rangi waliishia 320. Hivyo ni viwango vikubwa sana, nyumbani hutavifikia kwa dakika kumi. Ninachotaka mkishike ni kwamba mpaka wetu uko karibu kuliko wao. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kama pazia zito, linafyonza mwanga, na linachofyonza kinageuka joto. Karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa ngozi nyingine anza nayo kwa nusu.

Je, mwekundu unaondoa madoa? Usinunue paneli kwa ajili ya hilo. Kuna ushahidi kwamba unasaidia ngozi kujenga kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi: mwaka 2014 Wajerumani walifanya utafiti wa watu 136, wengi wao wakimulikwa mara mbili kwa wiki, vipindi 30, na wakaonekana kuwa na ngozi laini na mikunjo michache. Hilo ni suala la mikunjo. Kwa madoa, dada, kinga yako ya kwanza ni kofia, na mafuta ya kukinga jua yenye rangi ya kahawia, yale yaliyotiwa oksidi za chuma. Mafuta meupe ya kawaida yanazuia urujuanimno lakini yanaupitisha mwanga wa bluu wa jua. Yenye oksidi za chuma yanauzuia. Na wewe unakimbia asubuhi juani siku tatu kwa wiki! Utaota mwanga mwekundu dakika kumi ndani, kisha jua saa mbili nje?

Na kama kwenye begi lako kuna krimu ya kung'arisha, usiiwashe taa kabisa kabla hujamwona daktari wa ngozi. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu. Sisemi hivi kukuaibisha. Nimeona nyuso zilizochomwa na krimu zikaletwa kwenye mwanga ili "zirudi", na hazikurudi.

Niwaguse pia wanachama wetu wenye ualbino, maana tunao na wanakimbia vizuri. Kwenu jua la nchi hii ni adui aliyethibitika. Taa nyekundu ya LED haina urujuanimno, kwa hiyo haibabui kama jua, lakini ngozi yenu haina lile pazia na macho yenu hayastahimili mwanga mkali, kwa hiyo msiende kwa kubahatisha. Mkipata nafasi tukienda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, piteni hospitali ya KCMC. Pale kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na ndipo yalipoanzia mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, maalumu kwa watu wenye ualbino. Nikiulizwa ni teknolojia gani ya ngozi na mwanga iliyofanya kazi kubwa zaidi nchi hii, naitaja chupa ile kabla ya paneli yoyote.

Haya, misuli. Naona akina kaka mmekaa vizuri sasa.

Waliokimbia Moshi wanakijua kipande cha kushuka kutoka Mweka. Ukipanda unalia, ukishuka unafurahi, na hapo ndipo unapojiumiza. Kwenye mteremko paja linafanya kazi ya breki, linavutika huku limekaza, na nyuzi zake ndogo zinachanika. Maumivu hayaji siku ile, yanakuja kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana mbio zikiwa Jumapili, Jumanne unamwona mtu mzima anashuka daladala kinyumenyume.

Mwanga unasaidia hapo? Kazi kubwa ya utafiti huu imefanyika Brazil, kwa akina Ernesto Leal-Junior na wenzake, walioanza na wachezaji wa voliboli miaka ya 2000. Walipokusanya majaribio mengi pamoja waliona misuli iliyomulikwa inachelewa kuchoka, na alama za kuumia kwenye damu zinakuwa chache. Wengine waliorudia hawakuona tofauti yoyote. Katika yale yaliyofaulu, kuna jambo moja linalojirudia, na hapa nawaomba Kamati mnisikilize: mwanga ulifanya kazi vizuri zaidi ulipotumika kabla ya mazoezi, kuanzia dakika chache hadi saa kadhaa kabla.

Kabla. Sisi tumepanga kuiota baada ya mbio. Mpango wetu wote umevaliwa kinyume, kama fulana iliyovaliwa gizani.

Mtaletewa pia ule utafiti wa mapacha. Ni wa Brazil vile vile, mwaka 2016: pacha mmoja alimulikwa kwa nanomita 850 baada ya kila zoezi, mwenzake akamulikwa kwa taa ya danganya toto, na baada ya wiki 12 aliyemulikwa akawa na misuli mikubwa na yenye nguvu zaidi. Unapendeza kuusoma. Lakini ni watu wawili. Hata kwenye familia yangu watoto wawili wakila sahani moja, mmoja ananenepa.

Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa ameongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Misuli ya mkimbiaji hurudishwa na usingizi, chakula na siku za kukimbia taratibu. Hayo matatu ndiyo ugali. Mwanga, ukiniuliza mimi, ni chumvi. Kuna watu humu wanaolala kwa saa tano tu, wanakunywa chai kavu baada ya kilomita 18, halafu wanataka tununue chumvi ya bei mbaya.

Kwa atakayenunua mwenyewe, hesabu ni nyepesi, chukueni kalamu. Nguvu ya kifaa huandikwa kwa miliwati kwa sentimita ya mraba. Zidisha kwa sekunde, gawa kwa elfu moja, unapata jouli. Kifaa cha miliwati 50 kwa dakika 10, yaani sekunde 600, ni jouli 30 kwa kila sentimita ya mraba. Lakini ile 50 muuzaji ameipima kwa umbali gani? Ukisogea nyuma, inashuka. Kama hajaandika umbali, hujui unachokunywa.

Ngozi iwe wazi. Nimemkuta kijana mmoja amekaa mbele ya paneli na suruali nyeusi ya kubana ya mazoezi. Alikuwa anaitibu suruali. Hata ngozi ikiwa wazi, mwekundu unaingia milimita chache tu. Infraredi inaingia zaidi, na ndiyo inayofaa kwa misuli, ingawa kwa paja nene sehemu kubwa yake inaishia njiani. Uso unahitaji mwekundu, paja linahitaji infraredi.

Halafu kuna hii ya taa za vifaranga. Naona mnacheka, lakini kuna aliyeniuliza kwa siri. Ile balbu nyekundu ya bandani imetengenezwa kutoa joto. Vifaranga wanaihitaji. Ukiisogeza kwenye goti kwa robo saa utapata goti lililoungua, kwa sababu kabla mwanga mwekundu haujafika kiwango cha tiba, joto lake litakuwa limeshafika kiwango cha jiko.

Macho yafunikwe kwa miwani iliyokuja na kifaa, hata kwa mwanga usioonekana, na hasa huo, maana jicho halijui kufumba dhidi ya kitu lisichokiona. Mwaka 2019 kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa sokoni barakoa yake ya Neutrogena ya kutibu chunusi kwa mwanga, kwa hofu ya madhara ya macho kwa watu wenye magonjwa fulani ya jicho au wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga. Kama kampuni kubwa hivyo ilirudi nyuma, barakoa isiyo na jina la mtengenezaji tuifanyeje? Dawa zinazogombana na mwanga mnazijua kwa majina: doksisaiklini, ambayo wengine mnapewa kwa chunusi, na isotretinoini. Mwenye ugonjwa wa lupasi asiiguse taa bila daktari wake. Mjamzito asimulike tumbo. Pasimulikwe palipo na saratani, wala doa linalokua au kubadilika rangi ambalo halijapimwa.

Na hili ni langu la kazini. Maumivu ya muundi yaliyokaa sehemu moja, ukibonyeza kwa kidole unaruka, na usiku yanakuamsha, hayo huenda ni ufa kwenye mfupa. Usiyamulike, usiyachue, usikimbie nayo. Njoo upigwe picha. Hofu yangu kubwa kuhusu paneli ni mtu kuitumia kunyamazisha maumivu yaliyokuwa yanamwita hospitali.

Mwenyekiti, mmeniuliza tununue au tusinunue. Kwa fedha zilizopo, maoni yangu ni tusinunue mwaka huu. Sanduku letu la huduma ya kwanza lina bandeji moja na chupa ya spiriti iliyokauka. Hatuna mikeka ya kunyooshea viungo. Tukishavinunua na bado Mweka Hazina akawa anatabasamu, basi paneli, moja, yenye 660 na 850, yenye umbali ulioandikwa na miwani, itumike kabla ya mbio, mtu mmoja mmoja, dakika zilizohesabiwa. Atakayekuja na hoja ya kunipinga nitampa kipaza sauti hiki sasa hivi.

Ila kabla ya maswali. Hii niliyokuja nayo nimeiazima, na aliyeniazima alitaka kuirudisha dukani akidai nusu ya balbu zimekufa. Naomba kaka pale mlangoni azime taa za ukumbi. Asante. Msiitazame moja kwa moja, geuzeni nyuso kidogo. Naiwasha. Mnaona nyekundu mstari mmoja, giza mstari wa pili, sivyo? Toeni simu, fungueni kamera, ile ya mbele ya kujipigia picha, ielekezeni huku kwangu. Haya, semeni mnaona nini kwenye ile mistari ya giza.

Zambarau. Zinawaka zote.